Nilipaka Manjano Dawa ya Dada Yangu

Mimi nimewahi kuponzwa na rangi.

Ndiyo, rangi! Mnivumilie tu, nachapa kwa kidole kimoja.

Mwaka 1979 nilikuwa mganga msaidizi wa zahanati huko Nyakahura, Biharamulo. Dada yangu Deodata alikuwa na kifafa. Akimeza kidonge chake cha njano kila siku, haanguki. Akikosa, anaanguka popote, hata motoni.

Vita vikameza malori, fedha za kigeni zikakauka. Vidonge vya njano vikaisha nchi nzima.

Theonest, dereva, akaniletea kopo la vidonge kutoka ng'ambo ya mpaka, Rusumo. Dawa ileile, kiwanda kingine, bei chee. Ila vyeupe pe!

Mama akakataa katakata.

"Hivi si vya kuumwa kichwa? Vya Deodata ni vya njano. Evaristi, usitufanye wajinga."

Kwetu dawa ilijulikana kwa rangi. Nilieleza hadi mate yakanikauka.

Basi nikaenda kwa Bi Mwatumu, muuza viungo.

"Shikamoo, bibi. Naomba manjano."

"Marahaba. Kulikoni mganga, zahanati mnapika mchuzi siku hizi?"

Nikavipaka vidonge vyote, nikavianika. Deodata akameza. Miezi miwili hakuanguka hata mara moja! Nikajiona daktari bingwa.

Ndipo akaja mkaguzi wa dawa, Ndugu Ansbert. Akalamba kidonge, akatema.

"Bandia hivi."

"Ndugu mkaguzi, dawa ni ileile. Vipime."

"Sipimi. Rangi hii kampuni ya vile vya njano imeisajili, ni mali yao. Ungeviacha vyeupe nisingevigusa."

Nikapiga magoti. "Nitaviosha sasa hivi!"

"Kielelezo cha kesi hakioshwi."

Akaondoka na kopo zima. Nikaandika barua wilayani, nikaandika mkoani. Anijibu nani, watu wako vitani?

Siku ya tisa Deodata akaangukia mafigani. Tukamzika Jumamosi.

Msibani nikamwambia mama yote, nalia kama mtoto.

"Deodata alijua tangu siku ya kwanza," mama akasema. "Viganja vyako vilikuwa vya njano, mwanangu. Akaniambia, 'Tunyamaze, kaka asiaibike. Kama kahangaika hivi, basi ni dawa kweli.'"

Haki ya Mungu!

Kumbe angemeza hata vyeupe.

Ndugu zangu, mgonjwa mwambieni ukweli, anauweza. Na hao wenye rangi yao, sijawasamehe. Mchuzi wa manjano sili mpaka leo.