Mahari Iliyozuiwa na Seli Moja

Mpwa wangu anayesomea elektroniki alinieleza majuzi kuhusu transista zinazotengenezwa kwa utando laini wa jamii ya plastiki. Seli moja ikitua juu yake, umeme unaopita hubadilika, na mashine inajua kuna mgeni. Alipomaliza akasubiri nishangae. Nilimwambia seli moja naijua vizuri, iliwahi kunifungia ndani.

Ilikuwa miaka ya themanini, kwetu upande wa Kamuli. Nilikuwa nimeposwa na kijana wa Rugera, nami nilimtaka, nasema bila haya. Kwa desturi yetu wafugaji, mwali aliwekwa chumba cha ndani. Hafanyi kazi, haoni jua, anakunywa maziwa anenepe na ngozi ing'ae mpaka mahari ifike. Mahari yangu ilikuwa ng'ombe, na bila kibali cha bwana mifugo hawatoki Rugera.

Bwana mifugo akawatoboa masikio na kutazama damu ya kila mmoja kwa hadubini yake, ile ya kuelekezwa juani ndipo ione. Wote walikuwa safi isipokuwa mmoja, mwenye baka jeupe kwenye paji. Katika damu yake alikiona kijidudu kinacholetwa na mbung'o, seli moja tu, kinajinyonganyonga. Akamzuia huyo mpaka atibiwe na damu isafike.

Wakwe walituma ujumbe kwamba wataleta mwingine, tena mnono zaidi. Baba akakataa.

"Ng'ombe aliyetajwa mbele ya wazee habadilishwi," alisema. "Na mahari haiji vipande vipande."

Wageni walioleta ujumbe walimsifu kwa msimamo. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nasikia kila neno, na sikuruhusiwa hata kukohoa.

Shangazi, aliyekuwa mlinzi wangu, aliendelea kuniletea maziwa katika ekyanzi, chombo chetu cha mti. Nikisema nimeshiba, ananijibu, "Kunywa. Unadhani watu hutoa ng'ombe kwa ajili ya mifupa?" Kisha mvua zikaanza, mawingu yakatanda, na hadubini haikuona kitu. Damu haikuweza kupimwa tena. Nilikichukia kile kijidudu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na shangazi akafurahi akidhani ninaaga ujana.

Siku mvua ilipokatika nilitoka. Sikumwomba mtu. Mwanga ulinichoma macho na miguu ililemewa na uzito nisiouzoea. Baba alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, anayeolewa ni mimi au yule ng'ombe?"

Nilitegemea anikaripie, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyetoka kitandani mapema mno.

"Rudi ndani, mwanangu," alisema kwa upole. "Jua litakuharibu. Mwenzio bado hajapona."

Nikarudi.