Eksteno Iliyobaki Mandewa

Kompyuta yangu ilipoanza kuchukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kufungua sauti ya piano, nilijua imeshiba. Watu wengi hudhani piano ya kwenye kompyuta ni kitu kidogo. Sivyo. Kila kibonye kimerekodiwa kikibonyezwa taratibu, kwa nguvu, na kwa nguvu zaidi, na rekodi zote hizo hukaa kwenye maktaba moja ya sauti inayojaza nafasi kama magunia ya alizeti stoo. Mimi nilikuwa na maktaba ya piano, ya violini, ya tarumbeta, na ya ngoma za nchi ambazo sijawahi kuziota.

Nina studio ndogo Utemini, chumba kimoja chenye magodoro ya zamani ukutani. Ninarekodi kwaya, kaswida, na matangazo ya wenye maduka. Nyumbani ni Mandewa, ninapoishi na mdogo wangu wa kike. Jumamosi moja nikatoa eksteno mpya, ile diski ya nje inayochomekwa kwa waya, nikaanza kuhamisha maktaba zote. Kazi ilianza asubuhi ikaisha saa kumi jioni. Umeme ulikatika mara mbili. Mdogo wangu alipita akaigusa, akasema ina joto kama chapati.

Kisha nikaielekeza programu ya muziki kwamba sauti hazipo tena pale ilipozizoea, sasa ziko huku. Ikakubali. Nikafuta zile za kwenye kompyuta. Kompyuta ikawa nyepesi, nami nikajiona fundi kweli kweli.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Mungaa. Mwalimu aliyenifundisha darasa la nne, mama mmoja mkali asiyesahau kitu, amestaafu na sasa anaongoza kwaya ya kanisa huko. Waimbaji wake wengi ni watu wazima wa jembe na mifugo, na kuwaleta wote mjini ingekuwa shughuli. Nikasema nitaibeba studio niwafuate.

Nilifika saa nne. Kwaya nzima ilikuwa imeshakaa kwenye mabenchi, sare zimepigwa pasi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa."

Nikapanga maiki, nikafungua kompyuta, nikafungua wimbo niliokuwa nimeuandalia piano na ngoma. Programu ikaniletea orodha ndefu ya maandishi mekundu: sauti hii haipatikani, na hii, na hii. Nikaingiza mkono kwenye begi. Nikalimwaga begi zima juu ya benchi. Waya ulikuwepo. Eksteno haikuwepo.

Nikampigia mdogo wangu.

"Dada, kile kidude chako kipo hapa juu ya friji," alisema. "Nikipeleke stendi?"

Basi la kuja huku lilikuwa limeshaondoka. Nikamwambia akiache hapo hapo, nikakata simu. Watu kama ishirini walikuwa wananitazama, na nilihisi masikio yanawaka.

"Kuna nini?" mwalimu akauliza.

"Ngoma zangu nimezisahau nyumbani, mwalimu. Na piano."

Akanitazama juu ya miwani. "Kama daftari la hesabu. Nalo lilikuwa linabaki nyumbani kila Jumatatu."

Kwaya ikaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli. Yeye hakucheka. Aligeuka akawaambia kitu kwa Kinyaturu wazee wawili wa benchi la nyuma, wakatoka. Waliporudi walikuwa wamebeba ngoma mbili na kayamba.

"Hizi hazichomekwi popote," akasema. "Rekodi."

Ngoma kubwa ilikuwa imelegea ngozi, tukaianika juani kwanza. Kisha tukapambana na upepo wetu wa Singida, ambao uliingia dirishani ukanguruma kwenye maiki kama lori. Akina mama wawili wakavua vitenge, wakaziba dirisha navyo. Tukaanza. Nilikuwa nimezoea mdundo wa kompyuta usioongeza mwendo wala kupunguza. Hawa walianza polepole, na kufika ubeti wa mwisho walikuwa karibu wanakimbia, mpiga ngoma amefumba macho. Mkono wangu ulikuwa tayari kusimamisha. Sikusimamisha. Nilijikuta natingisha kichwa.

Kabla ya kuondoka nikaomba kila ngoma ipigwe peke yake: polepole, kwa nguvu, katikati, pembeni. Mzee wa ngoma kubwa alidhani namtania, lakini alipiga.

Nyumbani nilichomeka eksteno, nikaona niupambe wimbo kidogo. Nikaweka violini chini ya sauti za kwaya, kwa ustaarabu kabisa, nikamtumia mwalimu kwenye simu. Akanipigia baada ya chakula cha mchana.

"Hao wanaolia nyuma yetu ni nani?"

"Ni violini, mwalimu."

"Siku ile hawakuwepo. Waondoe."

Nikawaondoa. Wimbo ukatoka na ngoma zao, kayamba lao, na mwendo wao wa kukimbilia mwisho. Kwaya waliupigia makofi kanisani, nikaambiwa. Mzee wa ngoma kubwa aliomba urudiwe.

Zile ngoma zilizopigwa moja moja nilizikatakata, nikazipanga ziwe maktaba kama zile nilizozihamisha, ila hii ni ndogo na ni yangu. Nimeitumia kwenye nyimbo nyingi. Juzi kijana mmoja anayerekodi Manyoni aliniuliza ngoma ile nzito nimeipakua wapi, maana ametafuta mtandaoni hadi amechoka. Nikamwambia haipo mtandaoni, ipo Mungaa, na akienda awahi kufika.