Tarumbeta za Jumamosi mchana

Mama Nice, jirani wa kijiji cha makumbusho kilicho kwenye njia ya kwenda Olmotonyi, anaapa kwamba alikuwa anapepeta maharage aliposikia tarumbeta. Akatupa ungo, akajitwika kuni, akatoka mbio. Njiani akakutana na wenzake, huyu na kibuyu cha maziwa, yule na ndoo ya maji, wote wakiulizana: ni nani ametutoka?

"Hakuna aliyejua," anasema. "Tukasema jina tutalikuta huko huko. Tukaingia getini tunalia!"

Maiti hakuwepo. Walikuwepo watalii kumi na wawili wenye kamera, na kikundi cha tarumbeta cha usharika kikipiga wimbo wa kanisa mbele ya nyumba za jadi.

Pengine Mama Nice anatia chumvi. Lakini Namnyaki Lemburis, anayepiga besi, tarumbeta kubwa kuliko zote za kikundi hicho, hakatai.

"Nilimwona bibi mmoja ananitazama, machozi yanamtiririka. Nikajua tumeharibu. Lakini pumzi ilishaingia kwenye chombo, ningeirudisha wapi?"

Huku kwenye mitelemko ya Mlima Meru, tarumbeta zikilia Jumapili ni ibada. Zikilia Jumamosi mchana, kuna mtu anazikwa. Kikundi kizima kinalijua hilo, na hakuna aliyelikumbuka.

Asubuhi Namnyaki, mwenye miaka thelathini na mmoja, yuko Sekei na madumu yake ya maziwa, mlango kwa mlango. Zamani lita ishirini zilikwisha kabla ya saa nne. Mwaka huu wa 1996 maduka yamejaa maziwa ya unga ya ng'ambo, naye hurudi na nusu.

Alasiri hushika besi. Ni kubwa kuliko mtoto wa darasa la pili, imezibwa mara tatu na mafundi wa rejeta za magari wa Sakina, na vitufe vyake hulainishwa kwa mafuta ya cherehani.

Wapigaji walikuwa kumi na wanne. Wamebaki saba. Wengine wamekwenda machimboni Mererani kutafuta mawe ya thamani.

"Wakisikia tunapigiwa makofi na wageni kila Jumamosi, watarudi," anasema. "Tukikosa nafasi pale makumbusho, mimi nitapiga besi na nani? Na ng'ombe?"

Ila meneja wa makumbusho, Abdiel Ndesanjo, aliwapa nafasi moja tu ya kujirekebisha.

"Watu wamelipa kiingilio wafurahi, nyie mnawaletea matanga! Jumamosi ijayo saa nane, nyimbo za arusi."

Wiki nzima wamejifunza. Mwalimu wao, Gidion, anacheka akiulizwa wamezipata wapi. "Ni zile zile. Tunazikimbiza."

Kisha Jumatano akafariki mzee Yiamat, jirani wa uwanja wao wa mazoezi. Maziko ni Jumamosi hiyo hiyo, saa saba.

"Huyo mzee alitutukana miaka yote," anasema Namnyaki. "'Nyamazeni, mbuzi wangu wamekataa kula!' Lakini sisi hatuchagui maiti. Nani azikwe kimya kimya, kana kwamba hakuwa na watu?"

Ijumaa, akitoka Sekei, anapitia ofisini kwa meneja, madumu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kesho mko tayari?"

"Tuko tayari. Ila tuna maziko saa saba. Tunaomba utusogeze mpaka saa kumi."

"Maziko tena?" Abdiel anashika kichwa. "Mama, nyie kwenu watu hufa kwa ratiba yangu?"

"Marehemu angeniuliza, ningemwambia asubiri Jumatatu."

Meneja anataka kucheka, anajizuia. "Wageni wanaondoka saa tisa na nusu. Wana safari ya Ngorongoro."

"Wape chai. Waoneshe zile nyumba polepole. Tutakuja na udongo miguuni, lakini tutakuja."

"Na msipofika? Nimwambie nini mwenye magari?"

"Tutafika. Kaburi likishafunikwa tunapiga wimbo mmoja, tunashuka mbio. Hata ugali wa msibani hatuuonji."

Nje dereva wa watalii anapiga honi. Abdiel anatazama ratiba iliyobandikwa ukutani, saa nane imeandikwa kwa wino mwekundu. Anafungua kalamu. Anaifunga.

Namnyaki anaweka madumu chini.

"Mzee, wenzangu wananisubiri uwanjani. Nikawaambie saa kumi?"

Honi inalia tena. Meneja anafungua kalamu tena, anaikata ile saa nane na kuandika kumi.