Hodi kwa Mjomba

Kabla sijaingia siasa nilikuwa monita wa pamba upande wa Kabambare. Kazi yangu ilikuwa kupima mashamba kwa kamba na kuandika majina ya wale waliolima pungufu ya kipimo walicholazimishwa na Wabelgiji. Niliowaandika walilazwa chini wakachapwa, na mmoja wao alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Sikumwonea, shamba lake lilipungua kweli. Ndivyo nilivyojiambia, na hata leo naona haya kulisema.

Mjomba alinisamehe. Kwetu mwipwa, mtoto wa dada, hapigi hodi kwa mjomba wake: anaingia, anafunua chungu, anakula, akitaka kuku anamkamata, na mjomba anacheka tu. Wiki ile ile aliyochapwa niliingia nikala, naye akacheka akiwa amelala kifudifudi.

Miaka ya mwisho ya Wabelgiji ikaja na uchaguzi. Nilikuwa nimejiunga na chama cha bwana mmoja wa Kasongo, msomi wa kuvaa tai, mpole kupita kiasi. Wakulima walikuwa na swali moja tu: pamba ya lazima itaisha? Nilimpelekea swali hilo mara tatu.

"Polepole, kijana," alinijibu. "Tusimukasirishe Bwana Mukubwa wa Wabelgiji. Waambie tutaangalia."

Nilitoka nimefura. Utaangalia nini wewe, ambaye hujashika jembe? Lakini sikumwacha, kwa sababu na mimi niliitamani tai.

Nilipofika kijijini kwetu na daftari la wapiga kura, watu wote walikimbilia porini. Kwao daftari ni daftari: ukiandikwa, unapimiwa pamba au unafungwa. Niliita mpaka sauti ikakauka. Alibaki mjomba peke yake mlangoni pake, anasuka kikapu.

"Mwipwa, ule mukubwa wa chama yako alisema pamba itakwisha?"

Ningesema kweli, angeendelea na kikapu chake. Nikasema, "Alisema. Itakwisha."

Aliweka kikapu chini. Kisha akainuka, akapiga ngoma ya kuita watu. Wakatoka mmoja mmoja, majani kichwani, na kila aliyesita mbele ya daftari mjomba alimwambia, "Usiogope. Huyu ni mutoto ya dada yangu."

Wote wakapiga kura. Bwana wetu akashinda. Katika mkutano wake wa kwanza alisimama kando ya Bwana Mkubwa, akawaomba watu wavumilie, pamba iendelee kwanza. Siwezi hata kumwita mwongo. Yeye hakuwa ameahidi kitu.

Nilirudi kijijini wakati wa palizi. Safari hii hakukimbia mtu, na hilo lilinitisha kuliko pori lililojaa watu. Waliinua vichwa katikati ya pamba, wakaniona, wakainama tena. Nikaenda kwa mjomba, nikainamisha kichwa niingie kama siku zote. Mkono wake ukanizuia kifuani. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Toka inje," alisema taratibu. "Piga hodi."

Nikatoka. Nikapiga hodi. Nilisikia kifuniko kikirudishwa juu ya chungu, kisha pumzi zake, karibu kabisa na mlango. Nikapiga tena, na tena; "karibu" haikuja.

Mjomba alikwisha kufa zamani. Lakini mpaka leo nikipiga hodi kwa mtu, hata akiitikia "karibu" mara tatu, mimi hubaki nimesimama nje.