Hodi Uwanjani

Mtaani walimwita Kijiti, na wageni walidhani ni kwa sababu ya wembamba wake. Jina hilo alilipata kwenye mashindano ya riadha ya dunia, enzi za usichana wake, alipokwenda ng'ambo na wenzake watatu kukimbia mbio za kupokezana kijiti. Alirudi bila medali, na jina limemganda kama kupe. Sasa ni mtu mzima, mjane asiye na mtoto, mpiga pasi katika duka la dobi. Mpe shati lililolala chini ya godoro mwaka mzima, atakurudishia kama limetoka dukani leo.

Kasoro yake ilikuwa moja: hakuwa akipiga hodi. Akifika kwa mtu hugonga mlango, ko ko ko, kisha husimama kimya. Sasa mtu gani mwenye adabu zake anagonga bila hodi? Wenyeji walitoka roho mkononi, wakidhani ni askari. Wakasema anaringa. Polepole wakaacha kumwalika, naye akaacha kwenda. Jioni alikula kwenye sufuria, amesimama, maana kumpakulia mtu mmoja na kumtandikia meza aliona ni kujicheka mwenyewe.

Si kwamba hakulelewa. Katika mbio zile, anayekuja na kijiti nyuma sharti atamke neno moja, ili aliye mbele anyooshe mkono nyuma na kupokea bila kugeuka. Kila timu na neno lake. Wasichana wetu wanne, watani wakubwa, walichagua "hodi", na mazoezini walikuwa wakiliita hadi mbavu zinawauma kwa kicheko.

Siku ya fainali Kijiti alikimbia wa tatu. Mbele yao ilibaki timu moja tu. Akamfikia wa nne, rafiki yake, chanda na pete, akapiga hodi kwa pumzi zote alizobakiwa nazo. Rafiki badala ya kunyoosha mkono akageuza shingo. Kidogo tu. Kijiti kikamgonga kiwiko, kikadondoka, kikabiringika hadi kwenye mstari wa wenzao.

Mwalimu wao aliwaambia waandishi wa habari kwamba wa tatu aliita mapema mno. Rafiki alikuwa analia, taulo usoni, hakusema kitu. Kijiti akasubiri aseme. Alisubiri ndani ya ndege, alisubiri walipofika nyumbani, alisubiri hata siku ya harusi ya rafiki yule, ambayo hakuihudhuria. Alichotaka ni kidogo sana: "Mwenzangu, hukukosea wewe, nilikosea mimi niliyegeuka." Hakikuja. Na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; neno hodi likawa halipiti tena kooni mwake.

Miaka ikaenda. Wa kwanza akafariki, kisha wa pili. Kwenye mazishi ya huyo wa pili, rafiki wa zamani, ambaye siku hizi ni Mama Pacha, alimshika mkono.

"Mwenzangu, tumebaki wawili. Mbona hufiki kwangu? Njoo Jumapili, nina hamu na wewe."

Kijiti akaelewa kwamba sasa neno lile litasemwa. Jumamosi alipiga pasi gauni lake mara mbili, yeye ambaye nguo zake mwenyewe huzivaa na makunyanzi.

Jumapili akafika, akagonga.

"Nani huyo anayegonga kama polisi? Pita, mlango uko wazi!"

Ndani kulikuwa na Mama Pacha, mkwe wake aliyekuwa akichambua mchele, na jirani aliyekuja kuazima ungo akanogewa na mazungumzo. Mama Pacha alimkumbatia hadi akamkunja gauni.

"Jamani, ndiye huyu!"

"Yule aliyepiga hodi?" mkwe akauliza, akiweka sinia chini.

"Ndiye!"

"Na wewe mama ukamjibu karibu!"

"Mbele ya dunia nzima!" jirani akamalizia, na wote watatu wakaangua kicheko.

Kijiti peke yake hakucheka. "Ulimjibu nani?"

"Wewe! Kwani hujui? Nilisikia hodi nikasahau mbio, nikageuka kukukaribisha. Karibu, kwa mdomo wangu huu! Mama alinifunza mgeni hageuziwi mgongo, basi nikawaachia wenzetu medali. Hii nimesimulia hadi basi. Harusini nimesimulia, kazini nimesimulia, wajukuu wanaijua kwa moyo."

"Mimi hukunisimulia."

"Wewe nikusimulie nini, na ulikuwepo?"

Neno alilolingoja Kijiti lilikuwa limesemwa kweli, tena na tena, kwa watu wasiolihitaji, likachujuka mpaka likawa kichekesho. Hakuwa na wa kumgombeza mle ndani. Wanasema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na ukuta huu hata haukujua kama unapigwa. Iliuma, tena iliuma zaidi kuliko siku ile uwanjani, kwa sababu uwanjani alidhani wanaumia wawili.

Alikunywa chai, akaulizwa habari za magoti, akauliza habari za pacha. Jua likianza kushuka Mama Pacha akamsindikiza hadi njia panda.

"Usipotee tena, mwenzangu."

"Sipotei."

Njiani alijaribu kukasirika, akashindwa. Akilini alimwona rafiki yake enzi za usichana, fulana ya taifa kifuani, watu wamejaa uwanjani hadi juu kabisa, naye anamkaribisha mgeni. Malezi, kumbe! Kicheko kikamtoka, hakukitarajia. Alikuwa bado anacheka alipofungua mlango wa chumba chake na kuwasha taa, kisa kizima kimemjaa mdomoni, na hakukuwa na mtu wa kumsimulia.