Sitamficha Riziki Siku ya Inspekta

Admin, jina langu libaki kwako. La mtoto nimelibadilisha. Nina miaka ishirini na sita, sijaolewa, nafundisha darasa la tatu katika kijiji kimoja cha Walikale. Nikikasirika huwa nanyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Darasani nina msichana, nimwite Riziki. Anahesabu kichwani haraka kuliko wenzake, lakini herufi kwake hazikai. Nikamtungia mpango wake peke yake. Wenzake wakiandika sentensi, yeye anachora herufi moja mchangani kwa kidole, anaitamka, kisha anaitafuta ndani ya jina la mama yake. Maswali mengine ananijibu kwa mdomo. Juzi alisoma neno “muhogo” bila msaada, akacheka mpaka akajifunika uso.

Direkta wa shule yetu alipouona mpango huo akaniita mbele ya walimu.

“Madamu, programe iko moja. Huyu unamupikia chakula yake kando, iko mutoto wa gavana?”

Wakacheka. Nikasema, “Papa Direkta, mutoto hana meno, mama anamupondea ndizi. Nani anasemaka anamupendelea?”

Huku kwetu, inspekta akikaribia, watoto wazito wa kusoma huambiwa wabaki shambani ili darasa lionekane linasoma. Nimeliona hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Direkta akaniambia, “Wiki ijayo ule abakie kwao. Na iyo mpango yako, uchome. Ukikataa, tafuta shule ingine.”

Kilichoniumiza zaidi ni mama yake. Alikuja kunipunguzia mzigo, Riziki akiwa kando yake. “Madamu, usipoteze kazi juu yetu. Nitaenda naye shamba. Mutoto wangu iko mujinga, njo vile alizaliwa.”

“Mama, iyo neno usiirudilie mbele yake,” nikamwambia. Mtoto alikuwa anatazama miguu yake.

Tangu siku hiyo silali vizuri, lakini si kwa woga. Nikifukuzwa, nani ataendelea naye? Nikitii, nitakuwa nimemfundisha kwamba yeye ni aibu ya kufichwa.

Msiniambie niombe msamaha. Ninyi mliowahi kusimama nilipo, niambieni: nimkabili inspekta peke yangu, mpango mkononi, au kwanza niwakusanye wazazi wote walioambiwa waache watoto nyumbani? Riziki atakaa benchi ya mbele. Hilo siliombei ushauri.