Mpende Tisa wa Tshangalele

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka vidole vyangu hivi vya kizee huwasha kana kwamba vimeshika uzi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimesimama kando ya ziwa Tshangalele, tope limenifika kwenye vifundo vya miguu, na boya langu likalala juu ya maji. Sikusema lilizama. Lililala. Shika neno hilo, maana kuna watu waliovua hadi mvi zikawatoka bila kulijua. Mpende, yule samaki mpana wa kifua chekundu anayeenea vizuri kwenye kikaango kimoja, huokota chambo chini na kukiinua. Akikiinua, uzito wa risasi, kile kipande kinachozamisha ndoano, unaondoka kwenye uzi, na boya lililokuwa limesimama wima linajilaza ubavu. Anayesubiri boya lizame anasubiri samaki aliyekwisha kula na kwenda zake.

Basi siku hiyo boya lilikuwa linalala, nami moyo unanidunda hadi masikioni. Lakini tulia kidogo nikueleze nilifikaje pale, maana furaha ile ndiyo iliyonipoteza.

Baba yangu alikuwa fundi wa tanuru kiwandani, na tulikaa Kikula, hapa hapa Likasi. Ni miaka ile nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, tukaambiwa tuweke kando majina ya ubatizo. Shuleni nikawa Ngoya, ila mama aliendelea kuniita Felisite, kwa sauti ya chini. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, mitaa ya mji ilishindana kuvua kwa ndoano. Kila mtaa ulitoa mvuvi mmoja, wavu ulikatazwa, na aliyepimiwa samaki wazito zaidi alipewa kinga mpya, yaani baiskeli. Mvuvi wa Kikula alikuwa baba. Mwaka ule, wiki tano kabla ya mashindano, alipanda juu ya nyumba kuziba bati, akaanguka, akavunjika mkono. Wazee wa mtaa walipokuja kumpa pole wakamuuliza nani atashika fimbo yake ya kuvulia. Baba akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa napanga vikombe. Wazee wakacheka, wakanywa chai, wakacheka tena. Baba hakucheka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulipanda lori la watu wanaokwenda ziwani. Huko alinikabidhi kwa rafiki yake wa siku nyingi, Nkambo Kalenga, mjane wa kabila la Wasanga aliyekuwa akiishi katika kijiji cha wavuvi na kujilisha kwa fimbo moja tu. Nkambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, nawe unajua. Alikuwa mwembamba kama tete, na maneno aliyapima kama chumvi.

Alichukua ndoano niliyokuja nayo, akaigeuza kwenye jua, akaniuliza kama nimekuja kuvua samaki au kiboko. Mpende ana mdomo mdogo, alinieleza, kama mdomo wa mtoto anayelazimishwa dawa. Basi tukaanza upya. Tukafunga ndoano isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Uzi wangu mnene ukatupwa, ukaja mwembamba, unaoonekana tu ukiuinua mbele ya uso. Boya tulilichonga katika kizibo cha chupa, jembamba kama penseli, na risasi ikawa chembe moja ya kubanwa kwenye uzi kwa meno, shibiri moja kutoka kwenye ndoano. Fimbo ilikuwa tete refu lililokaushwa kivulini, maana lililokaushwa juani huvunjika siku unayolihitaji.

Nikajifunza na chambo: nyungunyungu wadogo wa kando ya migomba, na wakikosekana, bukari, ndiyo ugali wetu, ya jana iliyokandwa hadi inyumbuke kama ulimi. Nikajifunza kutembea. Naam, kutembea, mwanangu, kwa sababu samaki husikia mguu kabla ya kuona fimbo, na kivuli chako kikitangulia majini wewe umebaki kuoga tu. Nikajifunza kutovuta kwa nguvu. Unainua kifundo cha mkono, basi, kama mtu anayefunua chungu kuchungulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama Jumapili nne mfululizo mpaka mgongo ukazoea.

Jumapili ya nne, siku ile niliyoanza kukusimulia, boya lililala nami nikainua kwa wakati, na Nkambo akafurahi nami. Alinishika mkono akanipitisha katikati ya matete, tukatokea kwenye kona ya maji yaliyotulia, safi, yasiyofika magoti. Chini niliona mashimo ya mviringo, kama sahani zilizopangwa mezani, na juu ya kila shimo mpende wawili, dume na jike, wanazunguka. Sijawahi kuona samaki wengi hivyo mahali padogo hivyo. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye fimbo. Akauzuia.

"Hii ni nyumba ya batoto," alisema. "Hapa shiye tunaangaliaka tu."

Nikaitika. Kwa mdomo nikaitika.

Siku ya mashindano ilikuja na jua kali na upepo mbaya. Watu walikuwa wamejaa, wa Kikula upande huu na ngoma zao, wa mtaa wa Panda upande ule na filimbi zao. Kila mvuvi aliruhusiwa kukaa popote kando ya ziwa hadi saa sita kamili. Upepo ulisukuma mawimbi, boya langu likacheza bila mpangilio, sikuweza kusoma chochote. Kufika saa nne nilikuwa na samaki wanne tu, wadogo kama kiganja. Mvuvi wa Panda, dereva wa lori aliyeitwa Papa Katebe, alikuwa ameketi kwenye visiki vya miti iliyofunikwa na ziwa, na kikapu chake kilikuwa kinajaa. Nilisikia mmoja wa wazee wetu akimwambia mwenzake kwamba hayo ndiyo matunda ya kumpa mtoto wa kike fimbo.

Neno lile lilinichoma. Nikachukua vifaa vyangu, nikatembea kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikaingia kwenye matete.

Mwanangu, nikikudanganya kwamba nilihuzunika pale nitakuwa mwongo. Nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu. Matete yalizuia upepo, maji yalikuwa kama kioo. Nilitupa chambo kando ya shimo la kwanza, na sikuhitaji hata kusubiri boya lilale. Mpende anayelinda watoto hali chambo kwa njaa, hukirukia kwa hasira, kukifukuza. Fimbo ikapinda, uzi ukaimba, samaki akakata maji kushoto na kulia, na mimi nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikavua wa pili, wa tatu, wa tano. Mchovya asali hachovyi mara moja. Nilipofika wa tisa filimbi ya kumaliza ilikuwa karibu kulia, nikakimbia na kikapu kinanigonga paja.

Nilishinda. Mpende tisa, pamoja na wale wanne wadogo, walikalia mzani, mkono wa mzani ukapita pale uliposimama kwa samaki wa Papa Katebe. Ngoma za Kikula zikapasuka. Wazee walewale waliocheka walinibeba mabegani. Baba alilia, mkono wake mmoja ukiwa bado umefungwa, na kinga ililetwa, nyekundu, ingali na karatasi kwenye vyuma.

Nkambo Kalenga alikuja kuangalia samaki. Alimwinua mmoja, akatazama mdomo uliochakaa kwa kuchimba shimo, akamrudisha. Alinisubiri nishushwe mabegani, akanigusa kiwiko, nikamfuata.

Tulipofika kwenye kona yale maji hayakuwa tena kioo. Juu ya mashimo niliyoyaacha wazi, vifaranga vya samaki, vidogo kama chembe za unga wa muhogo, vilikuwa vimejikusanya kama moshi. Kila upande samaki wengine wadogo walikuwa wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka, na kila wakitoka ule moshi unapungua. Shimo moja lilikuwa bado na mzazi mmoja. Sikujua kama ni baba au mama. Alikimbilia huku akafukuza, huku nyuma wakaingia. Akageuka, wakaingia kule. Nilisimama nikitazama, na furaha yote ikanitoka miguuni.

Nkambo alichuchumaa. Akaniambia bila kuniangalia:

"Kukamata samaki unajua. Kuacha samaki, mutoto yangu, ile haujui bado. Na muntu mwenye hajue kuacha, haiko muvuvi. Iko njaa tu yenye kutembea na miguu."

Nimepigwa katika maisha yangu, mwanangu, na hakuna fimbo iliyofika pale yalipofika maneno yale.

Nilidhani mambo yameishia pale, na machozi yangu. Hapana. Siri ya mshindi ina macho mengi nyuma yake. Jumapili iliyofuata nilikwenda ziwani kwa kinga yangu, asubuhi nzima nikikanyaga, kwa nia ya kumwomba Nkambo radhi. Nikakuta watu kumi na zaidi wanaelekea kwenye matete na fimbo zao, mbele yao Papa Katebe. Mtu alikuwa ameniona nikitoka kule na kikapu. Nkambo alikuwa amesimama njiani peke yake, mwembamba vile, mikono ameitandaza kama anayefukuza kuku. Walimheshimu, hawakumsukuma, lakini walikuwa wanampita pembeni.

Niliitupa kinga chini nikakimbia, nikasimama kando yake. Nikawaambia kwamba kona ile ni mahali mpende wanapolelea watoto, kwamba nilionyeshwa kwa siri nikaahidi kutovua, na kwamba samaki tisa walionipa ushindi nimewatoa juu ya watoto wao. Nikawaambia watoto wale wameliwa. Wengine walinung'unika. Papa Katebe akauliza swali la haki, na sikumchukia kwa hilo.

"Weye ulikula," alisema. "Sababu gani shiye tusikule?"

Nilirudi nikainua kinga kutoka kwenye vumbi, nikaisukuma hadi mbele yake, nikamwambia ni yake, alinishinda siku ile, mimi sikuvua, niliiba. Moyoni, nakuambia ukweli, nilitumaini atakataa. Watu wazima hukataa mambo kama hayo, nilidhani.

Aliichukua. Aliijaribu breki, akapanda, akazunguka mara moja kwenye uwazi, kisha akawageukia wenzake akawaambia twendeni kwenye visiki, hapa ni kwa watoto. Wakamfuata wote. Nikabaki na vumbi, na Nkambo Kalenga akaanza kucheka, kicheko cha kizee kinachoanza polepole, mpaka akaketi chini. Nami nikacheka, huku nikilia, kwa sababu nilikuwa na safari ya mchana mzima hadi usiku kwa miguu, lakini mwili ulikuwa mwepesi kana kwamba ningeweza kuruka.

Nilifika nyumbani miguu imevimba. Baba aliuliza kinga iko wapi, nikamweleza yote. Siku ya tatu aliniambia kwamba mwaka ujao fimbo ya Kikula ni yangu tena, na kama nitashindwa, nishindwe kwenye maji ya watu wote. Ndivyo ilivyokuwa. Nilishindwa na Papa Katebe kwa uzito wa samaki mmoja, na siku hiyo nilivua kwa furaha kubwa kuliko ya kwanza, nikiliangalia boya likilala, likilala tena, kwenye mawimbi ambayo sasa nilijua kuyasoma.

Basi, mwanangu, chukua haya uende nayo. Jifunze kazi yako hadi kwenye chembe ya mwisho ya risasi, maana mikono isiyojua humlaumu samaki. Furahi unapoifanya, mimi sijawahi kumwamini mtu anayefanya kazi nzuri kwa uso uliokunjwa. Lakini siku utakayoona kila unachotupa kinarudi na kitu, simama uulize unavua juu ya nyumba ya nani. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na anayelimaliza mara nyingi ndiye aliyeonyeshwa kwa upendo lilipofichwa. Ukiaminiwa siri, ihesabu kama mtoto mchanga mikononi mwako. Ukikosa, kosa lako liseme mwenyewe kabla halijasemwa na wengine, tena lilipe kwa kitu kinachokuuma, si kwa maneno peke yake. Na mtu akikubali malipo yako bila kukuonea huruma, usimchukie. Amekusaidia kuyamaliza.

Mungu akupe jicho la kuona boya linapolala, na mkono mwepesi wa kuinua. Akupe kikaango kisicholala bure, na jirani wa kula naye. Na pale panapostahili kuachwa, akupe nguvu ya kupita hapo ukiwa umeshika fimbo, ukitazama tu, moyo wako umejaa.